Mwenye Kisima Chake na Makadirio ya Mji



Mwaka wa fedha wa serikali zetu hauishi Disemba. Huisha tarehe 30 Juni. Kila ukaribiapo mwisho huo, mji wetu wa Mombasa huingiwa na harakati ambazo kila mwenye macho amekwisha zizoea. Barabara iliyolala miezi tisa huamka, kingo za njia hupakwa rangi nyeupe na nyeusi, mashimo hufukiwa, na mbao za kutangaza kazi husimamishwa hata pale ambapo kazi yenyewe haijaonekana. Hatuyasemi haya kwa kukejeli, kwani sababu zake si siri. Fedha zitokazo Hazina ya taifa mara nyingi huchelewa, zikaja kujazana mwishoni. Na fungu ambalo halikutumika ifikapo siku hiyo, idhini yake hukoma, likarejea katika mfuko wa kaunti kungojea idhini mpya. Basi mwenye fungu huharakisha, na kinachowezekana kufanywa kwa haraka ni kile kionekanacho. Rangi hukauka kwa siku moja. Bomba lililooza chini ya ardhi lataka kutafutwa, kuchimbuliwa, kununuliwa jingine, na kufukiwa tena, na akipita mtu baada ya hapo hatajua kuwa pamefanyika kitu.

Lakini suala letu si hiyo haraka. Suala letu ni lile lililo nyuma yake: katika huduma ambazo mji wadaiwa na watu wake, ipi itangulie, na ni nani wa kuulizwa? Na ndani ya suala hilo limezuka jingine katika darsa yetu, nalo ndilo lililotushughulisha zaidi. Mtu aliyekwisha kujitosheleza, mwenye kisima chake uani, mwenye kumlipa mtu wa kumchukulia taka, mwenye kumpeleka mwanawe skuli ya kulipia na mgonjwa wake hospitali ya kulipia, je, imesalia juu yake dhima yoyote katika makadirio ya mji? Au amekwisha kujivua, akawaachia wenye haja zao?

Wanavyuoni wa usuli wametupa mizani ya kuanzia. Imamu Ghazali katika Al-Mustasfa, na baada yake Shatibi wa Granada katika Al-Muwafaqat, waliyagawanya maslahi ya watu katika daraja tatu: yaliyo dharura, ambayo yakikosekana maisha huharibika, yaliyo haja, ambayo yakikosekana watu hupata dhiki na mashaka, na yaliyo mapambo, ambayo ni uzuri na ukamilifu. La chini halitangulizwi mbele ya lililo juu yake. Kwa kanuni hii mtu angeweza kuyapanga makadirio ya mji katika muda wa kunywa kikombe cha kahawa: maji dharura, soko haja, rangi ya kingo za barabara mapambo, na kazi ikaisha.

Haiishi, kwa kuwa kanuni yatuambia daraja wala haituambii ni dharura ya nani. Chukua taa ya njiani. Kwa mwenye gari na bawabu, taa hiyo ni pambo la mtaa. Kwa mama ashukaye kivukoni Likoni usiku, akaenda kwake kwa miguu, ni hifadhi ya nafsi yake. Taa ni moja, nguzo ni moja, na katika daftari la afisini bei ni moja. Lakini imesimama katika daraja mbili mbalimbali kwa watu wawili. Na zahanati ni vivyo hivyo, na mtaro wa maji ya mvua, na choo cha soko. Basi mizani haitumiki ila kwa kumuuliza mtu, na mji unaouliza watu wa namna moja tu utapanga mambo yake kwa dharura za hao, ukayaita ya wengine mapambo, wala haukukusudia dhulma.

Sheria yenyewe haina kasoro kubwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imeyataja maji safi, salama na ya kutosha kuwa ni haki ya kila mtu. Jedwali lake la Nne limezipa kaunti kazi ya maji na uondoaji wa maji machafu, masoko, barabara za kaunti, malezi na masomo ya watoto wadogo, na afya. Na hapa pana jambo dogo lililotupendeza: uzoaji wa taka na majaa yake haukuwekwa pamoja na barabara wala mapambo ya mji, bali umewekwa chini ya huduma za afya. Walioandika walijua walichokiandika. Taka mbele ya mlango ni maradhi yanayongojea mvua.

Sasa tutazame ilivyokuwa katika mji wetu. Wazee wetu walikunywa visima, vya misikiti na vya majumbani. Kisha yakaja maji ya Marere kutoka milima ya Shimba. Kisha, katika miaka ya 1950, likajengwa bomba la Mzima, linaloleta maji kutoka chemchemi za Tsavo, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Kisha visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Hatudai kwamba siku hizo watu walikuwa sawa, kwani mwenye mfereji nyumbani hakuwa kama mwenye kupanga foleni na ndoo. Lakini bomba lilipopasuka, wote wawili waliona kiu. Tajiri alikwenda mwenyewe kugonga mlango wa afisi, na mlango ukifunguliwa kwa ajili yake, maji yalimfikia na aliyekuwa kwenye foleni.

Mji ukakua, maji yasikue nao. Watu wakaenea Kisauni, Changamwe, Likoni na kwingineko, na maji yote hayo hutoka nje ya kaunti, Taita Taveta, Kilifi na Kwale, ambako nako watu wana haja nayo. Na katika hayo yafikayo, sehemu kubwa hupotea njiani kwa mabomba mabovu na kwa wizi kabla ya kufika kwenye mita ya mtu. Ndipo mwenye uwezo akachimba. Akaweka kisima cha mashine, pampu, tangi juu ya dari, na jenereta ya siku ambayo umeme hukatika. Hatumlaumu. Mtu hawaachi watoto wake na kiu akingojea kamati ikutane.

Ila tazama kilichofuata. Yule aliyekuwa akienda kudai maji kila juma, sasa haendi. Aliyekuwa akiandika barua gazetini, haandiki. Tena huyo ndiye aliyekuwa akiijua sheria, akimjua mwakilishi wa wadi kwa jina, na mwenye nafasi ya kungojea barazani mpaka aitikiwe. Aliyesalia ni yule anunuaye maji kwa mwenye mkokoteni, dumu la lita 20 baada ya dumu, naye kwa kipimo kile kile hulipa mara kadhaa zaidi ya mwenye mita. Huyo hana nafasi ya kungojea barazani, kwani akikosa kazi siku moja, hakosi posho tu, hukosa na maji. Hivyo mji umepoteza sauti zake zenye nguvu, si kwa kuzinyamazisha, bali kwa wenye sauti hizo kutosheka. Na makadirio huandikwa kwa mwenye kusikika.

Na huko kutosheka kwenyewe kuna dhana nyingi kuliko yakini. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo una vishimo na nyufa. Maji ya mvua hupenya, yakakaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini yake, kwa kuwa maji matamu ni mepesi. Zikizidi pampu za kuyavuta, chumvi hupanda. Nao uchafu wa vyoo vya shimo na wa mashimo ya kuzamia maji machafu huteremka katika mwamba ule ule, kwani mitaa mingi ya mji haina mabomba ya maji machafu, na kwenye mabomba hayo kuna yaliyokwisha choka. Kwa hiyo mtu aliyejenga ukuta wa futi nane juu ya ardhi, hakujenga hata inchi moja chini yake. Kisima chake na choo cha jirani ambaye hamjui jina ni majirani wa karibu kuliko wao wenyewe. Kipindupindu kilipoenea katika kaunti kadhaa za Kenya mwaka 2015, na tena kilipoanza mwishoni mwa mwaka 2022, hakikuwa na habari ya kuta.

Taka zatufundisha somo lile lile. Wengi wetu twakumbuka jaa la Kibarani, kando ya njia ya Makupa, lililokuwa likimpokea kwa moshi kila mgeni aingiaye kisiwani. Mwaka 2018 likafungwa, na pahala pake pakapandwa miti. Ni kazi njema, na aliyeifanya ana haki ya kushukuriwa. Lakini taka za mji hazikupungua kwa sababu hiyo. Zilihama, zikaenda Mwakirunge, upande wa Kisauni, ambako pia wanaishi watu, na watoto wao huvuta moshi. Sisi tupitao Makupa tukaona jambo limekwisha. Hii ndiyo hatari ya kulifanya jicho la mpita njia kuwa mizani ya kazi.

Hapa husimama mwenzetu mwenye kisima akasema: mimi sikuwasahau watu, nimetoa mfereji nje ya ukuta wangu, na kila ajaye huteka bure. Naam, hiyo ni sadaka njema, na kumnywesha mwenye kiu katika dini yetu kuna ujira ambao hatuna haja ya kuusimulia kwa wasomaji hawa. Lakini sadaka na haki ni vitu viwili. Mfereji wa nje una koki, na koki i mkononi mwa mwenye nyumba. Akisafiri hufungwa, akikosana na mtaa hufungwa, bei ya umeme ikipanda huanza kuteka kwa zamu. Na mwenye kuteka hulazimika kumchekea mwenye kutoa hata siku ambayo hana la kuchekea. Mtu kuishi hivyo siku moja ni kusaidiwa, na kuishi hivyo miaka kumi ni kufanywa mtumwa wa hisani.

Tukumbuke kisa cha kisima cha Ruma, Madina. Maji yake yalikuwa yakiuzwa, na Waislamu walikuwa na dhiki. Sayyidna Uthman bin Affan alikuwa tajiri. Angeweza kununua maji kila siku akayagawa, na watu wangemshukuru kila siku. Hakufanya hivyo. Alikinunua kisima, akakitoa wakfu, na ndoo yake ikawa sawa na ndoo za wengine. Watu husimulia kisa hiki kwa kuusifu ukarimu, na ni kweli. Sisi twaona ndani yake kitu kingine ambacho wasimulizi hukipita mbio: aliiachia koki. Baada ya siku ile hakuwa na uwezo wa kumnyima mtu, wala hakuwa na maji mengine ya kukimbilia. Kisima kikiharibika, kimeharibika na kwake.

Mwingine husema: mimi nimelipa kodi ya ardhi yangu na leseni ya biashara yangu, basi dhima yangu imekwisha. Twamuuliza, nawe ni mfanyabiashara: ukiweka mtaji katika jahazi, wenzako wakasafiri nalo, je, hurudi nyumbani ukalala, usiulize jahazi li wapi, limepakia nini, na hesabu ikoje? Mwenye kulipa ni mshirika. Asiyelipa aweza kuwa na udhuru wa kunyamaza, aliyelipa hana.

Katika fiqhi kuna jambo liitwalo fardhi kifaya: wakilitimiza baadhi ya watu, wote huokoka, lisipotimizwa, dhambi huwaenea wote wenye uwezo. Wengi wetu tukilisikia neno hilo fikira hutwendea kwenye kumuosha na kumzika maiti, tukasimama hapo. Ghazali hakusimama hapo. Katika Ihya aliutia utabibu na hisabu, akazitia na kazi za mikono ambazo mji hausimami bila ya hizo, akawalaumu watu wa zama zake waliojazana katika ilimu ya fatwa na mabishano hali ya kuwa kuna miji isiyo na tabibu Muislamu hata mmoja. Wala fardhi hii haimtazami mwenye haja tu, humtazama mwenye uwezo. Kwa hivyo yule aliyejitosheleza, badala ya kutoka, ndiye aliyeingia zaidi, kwa kuwa ndiye mwenye elimu, wakati na sauti. Haja yake imekwisha lakini uwezo wake upo, na dhima imefungwa kwa uwezo. Hii ndiyo kauli yetu katika suala tuliloulizwa, na ambaye ana hoja dhidi yake na atuandikie, tutaichapa.

Sasa tuseme kidogo juu ya wakati, maana twalalamika Juni juu ya jambo lililoamuliwa kabla ya Juni. Sheria ya mwaka 2012 ya usimamizi wa fedha za umma imeweka tarehe zake. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, ambao ndio unaogawa mafungu baina ya maji, afya, barabara na mengineyo, hupelekwa kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio yenyewe kufikia tarehe 30 Aprili. Katiba imeamrisha, katika vifungu 196 na 201, kwamba wananchi washirikishwe. Ajaye Mei huja kutazama jahazi likiwa limekwisha tweka.

Sheria hiyo pia yataka fungu lisilopungua asilimia 30 ya makadirio litengewe maendeleo. Ni kanuni njema, imewazuia wengi wasile mtaji wote kwa mishahara. Ila yahesabu, haipimi. Lango la kuingilia mji ni maendeleo, na bomba jipya ni maendeleo, na mbele ya hesabu yote mawili ni shilingi. Tena kulitengeneza bomba kuukuu kwa kawaida hakuhesabiwi maendeleo, ni matumizi ya kila siku, na fungu la matumizi ya kila siku hubanwa na mishahara kwanza. Hivyo chombo kikongwe huachwa mpaka kife, ndipo kinunuliwe kipya kwa jina la maendeleo. Mwenye nyumba afanyaye hivyo na paa lake tungemwita mpumbavu.

Na mikutano ya kuwasikiliza wananchi, ndugu zetu, tusema kweli. Tangazo hutoka gazetini siku chache kabla, kwa lugha ambayo mama wa Majengo haisomi. Mara nyingi kikao huwekwa asubuhi ya siku ya kazi. Wafikao ni wachache, na miongoni mwao wako wanaofuata soda na nauli. Kabrasha la kurasa nyingi hugawiwa papo hapo, nakala hazitoshi, na kabla watu hawajafika ukurasa wa tano huulizwa kama wameridhia. Hayo ni makosa ya wenye kuitisha, na yapasa kusemwa waziwazi. Lakini ukumbi mtupu huwapa hoja. Husema, tuliwaita hawakuja. Na viti vilivyokuwa vitupu zaidi ni vya wenye visima.

Tumeulizwa katika darsa, basi mwenye kisima akifika huko aseme nini, hali ya kuwa hana haja? Asiseme juu ya mtaa wake tu, wala asiombe lami mbele ya lango lake. Aombe kabrasha siku saba kabla ya kikao, na kwa Kiswahili. Aulize ni fungu gani lililotengwa kwa mabomba ya maji na ya maji machafu, na katika fungu la mwaka uliopita kama hilo ni kiasi gani kilichotumika kwa hakika, kwani kutenga ni kitu na kutumia ni kitu kingine, na Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti ambazo kila mtu aweza kuzisoma. Aulize ni mita ngapi za bomba bovu zilizobadilishwa, na katika mitaa ipi, kwa majina yake. Aulize wakandarasi wanadai kiasi gani, kwa kuwa deni la mwaka jana ndilo jambo la kwanza linalokula fedha za mwaka huu. Aulize Mwakirunge pamefanywa nini. Na akijibiwa kwa maneno ya jumla, aulize tena, kwa adabu, mpaka jibu liandikwe katika kumbukumbu za kikao.

Na kabla ya kwenda, apite kwa yule anunuaye maji kwa dumu, amuulize analipa kiasi gani kwa siku na yeye angetanguliza nini, aandike aambiwavyo hata kama hakubaliani navyo, kisha aende na karatasi hiyo mkononi. Waraka wa mkakati hupelekwa bungeni Februari, basi vikao vyake huitwa kabla ya hapo. Mwenye kutaka orodha ya wadi na nakala ya mpango wa mwaka, aje darsani baada ya sala ya Isha. Tutaisoma pamoja, ukurasa kwa ukurasa.